Makobe wa Mikaratusi

Pale Mahurunga kila mtu alijua napenda ndege. Ramadhani ile, kila asubuhi nilitoka na darubini shingoni kwenda kwenye mikaratusi nyuma ya mikorosho, maana ilikuwa imechanua na ndege chozi walijaa juu kunyonya maua. Ndege walikuwepo kweli, siwasingizii. Lakini kwenye begi nilibeba ndizi tatu na chupa ya maji. Nilikuwa kobe, mla mchana kwa kujificha, mwanaume mzima na afya yangu, tena naishi ukweni! Maganda niliyatupa palepale. Kesho yake nikirudi siyakuti, nikajua ni ngedere.

Asubuhi moja nilikuwa namfuata kwa darubini chozi mwenye kifua chekundu. Akawa anashuka tawi kwa tawi, nami nashuka naye, mpaka nikamwona baba mkwe. Alichuchumaa nyuma ya shina, anatafuna kipande cha muhogo, halafu akameza vidonge viwili kwa maji. Baba mkwe, anayetusalisha tarawehe! Nilicheka peke yangu, ndizi ikiwa mdomoni. Vidonge niliviona. Nisije leo nikasema sikuviona.

Jioni tulikaa mkekani wanaume wote kufuturu, na ulimi ukaniwasha.

"Jamani, kule kwenye mikaratusi siku hizi kuna makobe. Tena makobe wenye ndevu nyeupe!"

Wakaangua kicheko. "Mtaje!"

"Aka, mimi nimefunga bwana, sisengenyi mtu."

Astaghafirullah, nilisema hivyo kwa mdomo huuhuu. Baba mkwe hakucheka. Alikishika kikombe chake cha uji, akakitazama, akakirudisha chini.

Tangu siku ile sikumwona tena kule. Akafunga kweli, bila chakula wala dawa, na siku ya nne akaanguka wakati anatawadha. Tukamkimbiza hospitali mjini. Huko ndiko tulikosikia kwamba ana sukari, na kwamba alishakatazwa kufunga, akatuficha kwa kuona haya. Mke wangu alilia sana.

"Baba, dawa uliziachia nini?"

"Nilisahau, mwanangu."

Hakunitazama. Nilitamani anitaje, anitukane mbele ya binti yake, niwe nimelipwa changu.

Mke wangu alipotoka kwenda kuchota maji, nilipiga magoti kando ya kitanda. "Baba, nisamehe. Mimi ndiye niliyekuponza. Halafu hata mimi mwenyewe, kule, nilikuwa..."

"Najua," akasema taratibu. "Ukimaliza ndizi zako, usiwe unaacha maganda wazi, mwanangu. Kina mama wanapita pale kuokota kuni. Siku zote nilikuwa nayafukia mimi. Sasa nimelala hapa, atakufukia nani?"