Cherehani Ikisimama

Fundi cherehani hakuwahi kukaa chini akamsimulia binti yake hadithi. Muda angeutoa wapi? Wifi yake aliwahoji wanawe kama polisi: nani, wapi, lini. Fundi yeye alishona tu, macho kwenye sindano, huku binti akipiga soga sakafuni kati ya vipande vya vitambaa. Hadithi ikieleweka, mguu ulikanyaga pedali. Ikivurugika, cherehani ilisimama, na mtoto alijua maana yake: rudi nyuma, fafanua. Walizoeana hivyo tangu binti ajue kusema.

Siku ya usaili wa darasa la kwanza, mtoto huyo mwenye domo kama redio akageuka bubu. Mwalimu alimkazia macho. Alikuwa mteja wa fundi, na juma lililopita tu alikubali shingo upande kwamba sketi yake imetafunwa na panya.

"Nisimulie chochote kilichotokea nyumbani."

Mtoto akainamia viatu vyake. Mwalimu akamgeukia fundi.

"Mama, asiposema itabidi arudie chekechea."

Fundi aliumia, maana maneno ya mtoto wake aliyajua. Akageukia dirisha, akaanza kukanyaga sakafu chini ya meza, taratibu, kisigino na vidole. Binti akavuta pumzi.

"Mama alikuwa anapiga pasi. Jirani akaja, wakaongea weee. Pasi ikaunguza sketi."

Mguu ukasimama. Ulisimama kwa hofu, lakini mtoto angejuaje? Akafafanua.

"Sketi ya kijani, ya marinda. Ya mteja. Imeungua hapa nyuma."

Mwalimu aliacha kuandika. Fundi akaona amebanwa: mguu ukitulia, mtoto atazidi kufafanua; ukikanyaga, atasonga mbele, na huko mbele kuna panya. Angeweza kumnyamazisha, lakini chekechea ilikuwa inamsubiri. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Akakanyaga.

"Halafu mama akasema tuseme imeliwa na panya. Lakini kwetu hakuna panya. Tuna paka."

Mwalimu alimtazama fundi, kisha akatia alama kwenye fomu.

"Amepita. Amesimulia kwa mpangilio, na hajaacha kitu." Akafunika kalamu. "Sketi mpya nitaifuata Ijumaa, fundi."

"Itakuwa tayari, mwalimu."

Walipofika getini binti alimvuta mama yake kanga.

"Mama, pale mguu wako uliposimama, sikueleweka?"

"Ulieleweka, mama," fundi alisema, akimshika mkono. "Ulieleweka mno."