Siku Nilipowapima Ng'ombe wa Mahari ya Kabula

Kuna watu kijijini kwetu Mwamapalala mpaka leo wananiita Daktari Arobaini, na nikipita mashineni utasikia mtu anauliza, "Daktari, leo joto likoje?" halafu wote wanacheka, na mimi nacheka nao maana sina la kufanya. Aibu ile niliitafuta mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya wakwe, kwa hiyo ni bora mnisikie mimi kuliko mwingine atakayewaongezea chumvi.

Nilikuwa nimemaliza diploma ya afya ya mifugo na niko nyumbani nasubiri ajira. Mwaka wa kwanza ukaisha, wa pili ukaingia, kila nafasi zikitangazwa napanda bodaboda mpaka Bariadi kutuma maombi, majina yanatoka, langu halimo, narudi kupalilia pamba na mama. Waliowahi kumaliza chuo wakakaa nyumbani wanajua ninachosema. "Bado tu?" Hilo swali niliulizwa kisimani, kanisani, mpaka msibani (msibani jamani, marehemu yuko ndani!).

Sasa baba mdogo Maduhu ana binti anaitwa Kabula, tumelala chumba kimoja tangu wadogo, na Kabula akaposwa na kijana wa Shishiyu aitwaye Masanja. Walikuwa wanapendana mpaka wanakera. Ikapangwa siku ya kuleta ng'ombe wa mahari, na kwetu upande wa binti huwakagua kwanza, mmoja mmoja, ndipo wanaingizwa zizini. Baba mdogo akaniambia, "Minza, safari hii hatukagui kwa macho. Tuna mtaalamu wetu."

Kazi yangu siku hiyo ilikuwa jikoni, kumenya viazi. Badala yake nikafungua sanduku, nikatoa koti jeupe la mafunzo, nikalipiga pasi, nikavaa na gambuti, themometa nikaichomeka mfuko wa juu mahali inapoonekana vizuri. Koti ndilo lililoniponza, maana ukishasimama na koti jeupe mbele ya ukoo mzima, neno "sijui" haliwezi tena kukutoka mdomoni.

Ng'ombe walifika saa saba mchana, kumi na wawili, jua linawaka kwelikweli. Walikuwa wametoka Shishiyu jana yake, wakalala njiani, wakaanza tena alfajiri. Mbele yao alikuwa Mzee Jilala, baba yake Masanja, vumbi limempanda hadi kwenye nyusi. Hawajanywa hata maji, si watu si ng'ombe, na mimi nikasema nianze kazi. (Nani alinikimbiza? Hakuna. Nilitaka wanione kabla hawajakaa kula.)

Joto la ng'ombe hupimwa kwa nyuma, unainua mkia unachomeka, kwa hiyo wakwe walivyokuwa wananitazama mnaweza kujaza wenyewe. Wa kwanza, arobaini na kitu. Wa pili, arobaini na kitu. Ng'ombe mzima hata thelathini na tisa na nusu hazidi! Nilipofika wa sita moyo ulikuwa unadunda, na nisiwadanganye, haukudunda kwa huruma, ulidunda kwa furaha, kwamba miaka yangu ya chuo sasa imeonekana. Tezi za mabegani nikazigusa juu juu tu, nikajiambia zimevimba.

"Hawa wana homa wote," nikatangaza kwa sauti ya darasani. "Ni ndigana, ugonjwa wa kupe. Wasiingie zizini."

Halafu shangazi mmoja akasema, "Yaani wametuletea mizoga?" na hapo ndipo kulipochafuka. Baba mdogo akaanza kufoka kwamba binti yake hakuokotwa, ndugu zake Masanja wakajibu kwamba hawajatembea siku mbili kuja kutukanwa, na kabla sijajua nini kinaendelea vijana wao wakashika fimbo wakaanza kuwageuza ng'ombe. Ng'ombe wakigeuzwa, mjue, na ndoa imegeuka nao.

Kabula akatoka ndani, amependeza, kitenge kipya, machozi yanamtiririka. Hakwenda kwa baba yake, alikuja kwangu.

"Minza, umenifanya nini?"

Mzee Jilala akanyoosha mkono, vijana wake wakasimama, akanisogelea taratibu.

"Mayu," akaniita (huku kwetu hata binti mdogo huitwa mama), "kule chuoni mlikuwa mnawapima ng'ombe saa ngapi?"

"Asubuhi, baba."

"Wakiwa wametoka wapi?"

"Hawajatoka popote. Wako bandani."

Maneno yalipotoka ndipo na mimi nikayasikia. Mwalimu alitufundisha kabisa kwamba mnyama aliyetembea juani hupanda joto, umpumzishe kwanza ndipo umpime, na niliiandika kwenye daftari nikaipigia mstari! Baba mdogo akaninong'oneza, "Usirudi nyuma, simamia hapo hapo, utatuaibisha." Nikamwangalia Kabula, nikalivua lile koti.

"Nimekosea," nikasema, na sauti ilikuwa ya mtu anayetaka kulia. "Hawa wamechoka na wana kiu. Naomba wapewe maji, wakae kivulini, nitawapima tena. Na mnisamehe."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Shangazi yule yule akauliza kama na yeye nimpime, ametoka mbali. Tukasubiri mpaka saa kumi na moja, na sijawahi kuona jua linalotembea polepole vile, halafu nikapima wote kumi na wawili na kila nilipoichomoa themometa nikaifuta nikampa Mzee Jilala aisome mwenyewe. Thelathini na nane na nusu, thelathini na tisa kasoro, wote wazima. Tezi safari hii nilizishika sawasawa, hazina kitu.

Nilitegemea aniseme. Alisimama akawaambia watu wa pande zote mbili, "Binti huyu angeweza kunyamaza tukaondoka, akabaki na heshima yake. Mimi mtu wa namna hiyo namtaka azungukie mifugo yangu." Vigelegele vikapigwa, zizi likafunguliwa, na baba mdogo akawa wa kwanza kudai chakula.

Na hakusema kwa kunifariji. Wiki mbili baadaye alinitumia nauli, nikawa nakwenda Shishiyu kila mwezi, kuogesha ng'ombe wake na wa majirani, na alichonifundisha mzee yule kuhusu ng'ombe, chuo hakikuwa na muda wa kukifundisha. Barua ya ajira ilipofika hatimaye, ikinipeleka Mwamanyili, nilikwenda nikiwa najua kazi. Na niliapa: siku hizi mfugaji akija nampa kiti kwanza, namuuliza safari, tunaongea mpaka yeye mwenyewe anachoka kuongea, ndipo naosha mikono.

Kabula na Masanja wako Shishiyu, bado wanapendana mpaka wanakera. Mzee Jilala alikuwa na kila sababu ya kuondoka na ng'ombe wake siku ile, na angeondoka, mimi ningeishi na macho ya Kabula mpaka nazeeka. Hakuondoka. Akauliza tu maswali mawili, kwa upole, akasubiri nijibu. Wabeja, asante sana, baba.