Shikamoo Boneti

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia karakana ya serikali pale Sumbawanga nikiwa nimevaa shati la kanisani. Mkuu wa Karakana alikuwa amejifunika blanketi juu ya ovaroli kwa sababu ya baridi. Nikamsogelea kwa adabu zote nilizofundishwa nyumbani.

"Shikamoo, mkuu."

"Mimi sikimbii," akasema. "Kashike kwanza boneti ya lile gari la Bwana Kilimo, halafu urudi unisalimie."

Kwa ninyi vijana mnaolijua gari kwa usukani na redio tu, boneti ni ule mfuniko wa mbele unaofunika injini. Nikaweka kiganja, nikakitoa haraka, maana ilikuwa ya moto kama sufuria ya ugali. Dereva wa Bwana Kilimo alikuwa ameapa muda si mrefu kwamba gari limelala palepale tangu jana. Mkuu alimtazama tu. Dereva mwenyewe akaanza kueleza habari za harusi ya shemeji yake bila kuulizwa.

"Umeona?" Mkuu akaniambia. "Mtu ukimsalimia atakujibu anavyotaka. Boneti haijui kuongopa. Haya, sasa nisalimie."

"Shikamoo."

"Marahaba. Kavue hilo shati la misa."

Tangu hapo nikawa nashika boneti kabla ya kusalimia watu. Sababu yake ni ya kitaalamu. Injini iliyochoka huwaka kwa shida ikiwa imepoa, hasa kwa baridi yetu ya Ufipa, kwa hiyo muuzaji mjanja huiwasha na kuipasha moto kabla mkaguzi hajafika. Ukianza na habari za nyumbani, za watoto, za mashamba, za mvua, kama tulivyolelewa, mpaka mmalize boneti imeshapoa na ushahidi umekwenda. Watu wakanipachika jina la Shikamoo Boneti. Mama mkwe wangu alininunia muda mrefu, kwa sababu siku niliyopeleka barua ya posa nilianza na gari la kaka yake.

Baadaye nikahamishiwa Nkasi, chini ya Afisa Usafirishaji, mtu mnene aliyefumba macho kila tuliposhuka milima kwenda Kirando, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Yeye ndiye aliyenifundisha magari ya ziwani. Gari linalobeba migebuka yenye barafu na magunia ya dagaa hudondokewa na maji ya samaki, yakaingia kwenye chesisi, yaani ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, yakaila polepole kutoka ndani. Juu linang'aa, chini limekuwa biskuti.

"Gari la Kirando usilikague kwa macho," alikuwa akisema, macho yake yakiwa yamefumbwa. "Likague kwa pua."

Niliporudishwa Sumbawanga nikiwa mkaguzi, watu binafsi nao wakaanza kuniita nikawakagulie magari kabla hawajayapokea. Hapo ndipo nilipokutana na Dalali. Alikuwa kijana mtanashati, mchangamfu, na kila gari aliloliuza lilikuwa la padre. Sisi Wafipa ni Wakatoliki wa kupindukia, na ukituambia gari lilikuwa la padre tunavua kofia. Mimi sikuvua. Padre gani wa kwetu ana gari zima? Ni huyohuyo anayezunguka vigango vyote vya parokia, masika na kiangazi, kwenye mashimo ya kumeza ng'ombe. Gari la padre ni la kuliombea, si la kulinunua.

Siku moja akina mama wa kijiji cha Msanzi walinitumia ujumbe nikawakagulie gari waliloletewa na Dalali. Kwa misimu kadhaa walikuwa wamelima ulezi wa pamoja ili wanunue gari la kuwapeleka wajawazito hospitali. Mwenyekiti wao, Mama Skolastika, alikuwa amempoteza mjukuu njiani, mama wa mtoto akiwa juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Nami nilikuwa na langu moyoni: binti yangu Veneranda ameolewa hukohuko Msanzi. Gari lile likikatika katikati ya pori, anayeweza kuwa ndani ni mwanangu.

Nilifika asubuhi ya mwezi wa saba, umande mweupe bado kwenye majani. Nikakuta kwaya inaimba, wali unanukia, na gari jeupe limesimama mbele ya kanisa likiwa limevishwa kanga. Baba Paroko alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kulinyunyizia maji ya baraka.

Gari hukaguliwa, likanunuliwa, ndipo likabarikiwa. Huyu Dalali alikuwa ametugeuzia utaratibu makusudi. Sasa nani angethubutu kusema gari lililobarikiwa ni bovu?

Nikaenda moja kwa moja, nikaweka kiganja juu ya boneti. Kwaya ikanyamaza.

"Shikamoo, mzee wangu," Dalali akasema.

"Boneti ina moto."

"Limekaa juani, mzee."

"Jua gani?"

Wote wakatazama juu. Mawingu yalikuwa yamekaa kwenye paa la kanisa.

"Basi ni baraka," Dalali akasema. Akina mama wawili wakafanya ishara ya msalaba.

Nikalala chini na nyundo yangu ndogo. Chesisi nzima ilikuwa imepakwa rangi nyeusi mbichi. Chuma kizima ukikigonga kinalia ngii. Hiki kilisema bu, kama mlango wa mbao, maana yake kilizibwa kwa puti, ile lipu laini ya mafundi wa bodi. Nilipogeuka, nikakutana uso kwa uso na paka wa jikoni kwa Paroko. Alikuwa anaulamba mhimili wa gurudumu la nyuma kwa mapenzi makubwa.

Nikatoka, nikamketisha Mama Skolastika kiti cha mbele na Baba Paroko kiti cha nyuma, nikafunga madirisha. Dalali akabaki nje. Nikawasha injini, nikafungua hita.

Mwanzoni ulikuja uvuguvugu mzuri. Halafu ikaja Kirando. Ilikuja yote, na vichanja vyake vya kuanikia, na mitumbwi yake. Mama Skolastika akaziba pua kwa kanga. Paka akarukia dirishani, akalia kama mtu aliyefiwa.

Tulifungua milango wote kwa pamoja.

"Dalali," nikasema, "padre gani huyu aliyekuwa mvuvi?"

Hakubabaika hata kidogo. "Ilikuwa Kwaresima, mzee! Padre hali nyama. Alikuwa akinunua dagaa."

Watu wakamgeukia Baba Paroko. Yeye akapangusa machozi ya ile harufu, akavaa miwani yake taratibu.

"Mwanangu," akasema, "Kwaresima ni siku arobaini. Harufu hii ni ya miaka."

Kicheko kilichopasuka pale nadhani kilisikika mpaka Mwazye. Lakini Mama Skolastika hakucheka. Alikuwa ameshika ncha ya kanga yake kwa mikono miwili.

"Baba, limeshabarikiwa," akasema. "Tutalikataaje?"

"Mama, mimi nimewabariki watakaopanda," Paroko akajibu. "Chesisi namwachia huyu."

Mama Skolastika akanigeukia. "Fundi, tunachukua au hatuchukui?"

"Hatuchukui."

Wali tuliula hivyohivyo, na Dalali alikula kuliko wote. Baadaye akina mama walipata gari jingine, la kijani lililopauka, baya la sura kama chura. Nililikuta na boneti ya baridi, likawaka kwa mguso mmoja. Siku hiyo nilisema, "Chukueni."

Sasa nimestaafu, nalima maharage. Vijana huniletea picha za magari kwenye simu: "Shikamoo mzee, cheki hili, liko poa!" Nagusa kioo cha simu kwa kiganja, nawaambia ni baridi, wanacheka. Sijui kama wananielewa. Sheria yangu wanaiona ni kichaa cha uzee, na mke wangu anawaunga mkono.

Juzi gari la kijani lilisimama mlangoni kwangu, likitoka hospitali. Nilikimbia na jembe mkononi, na kabla sijajua nafanya nini kiganja kilikuwa juu ya boneti.

"Toa mkono!" Mama Skolastika akapiga kelele kutoka dirishani. "Leo salimia watu kwanza!"

Veneranda alikuwa kiti cha nyuma, amechoka, anatabasamu, amepakata kifurushi cha blanketi. Nikakiweka kiganja changu chenye udongo kwenye kile kipaji kidogo cha uso. Kilikuwa na joto. Machozi yalinitoka, wala sioni haya kusema.

"Haya, mkaguzi," binti yangu akasema. "Tunachukua au hatuchukui?"

"Tunachukua," nikasema.