Masaa Mawili kwa Ndege

Dadangu alikuwa mfanyakazi wa nyumbani Dammam, na wiki kadhaa zilikuwa zimepita bila simu yake kulia wala kupokelewa. Mama alikuwa hagusi chakula. Ukoo wetu ukafanya jambo pekee unaloliweza vizuri: ukaitisha kikao.

Mjomba alitoka Bomeni kuja kwetu Voi kukiongoza. Mwanawe ni dereva Jeddah, na kwetu mtu mwenye mtoto Jeddah ni mtaalamu wa Asia nzima.

"Kijana wangu atapita kumwona," alisema. "Si wote wako Saudia? Akitoka kazini anapita tu hapo."

Nilitafuta kwenye simu, nikawasomea. Jeddah iko pwani ya magharibi, Dammam pwani ya mashariki, na katikati kuna nchi nzima. Ni zaidi ya kilomita elfu moja. Kwa ndege, kama masaa mawili.

Heri ningeishia kwenye kilomita. Kwetu safari hupimwa kwa masaa.

"Masaa mawili!" mjomba aliruka. "Mimi leo nimetoka Bomeni masaa mawili, na mkungu wa ndizi miguuni! Huyo kijana akikataa, anaringa tu."

Shangazi akaongeza kwamba ndege haisimamishwi na polisi njiani, kwa hivyo huenda hata hayo mawili hayafiki.

Tukampigia kijana. Akaeleza kwamba pasipoti yake iko kwa bosi, na nauli ingemeza mshahara wake. "Baba, mimi hapa hata kwenda dukani naomba ruhusa." Mjomba akakata simu, akatangaza kwamba watoto wakionja pesa za Uarabuni husahau damu. Wote wakaitikia, chai ikaongezwa.

Nilishikwa na hasira. Ajenti aliyempeleka dadangu ana ofisi nyuma ya soko, hapa hapa Voi. Jumapili huketi kiti cha mbele kanisani, chini ya mabati aliyoyachangia mwenyewe. Nilipomtaja, sebule nzima ikapatwa na kikohozi.

"Polepole," mjomba alisema. "Huyo ni mtu wetu. Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

Nikajiuliza ni kipande gani cha dadangu alichokuwa amebakiza.

Mama aliweka birika chini, akavaa viatu, akatoka. Nilimfuata. Tulifika kabla miguu haijashika vumbi. Mtu wetu alitupokea kwa salamu ndefu na maombi mafupi, akasema tuvute subira, mambo ya nje huchukua muda. Mama akaketi sakafuni, katikati ya mlango, wateja wakawa wanamruka. Alipoona hatoki, ajenti akachukua simu, akaongea na wenzake wa kule, nao wakampata mwenye nyumba.

Muda si muda dadangu akaletwa kwenye simu. Alikuwa na sauti ya mtu aliyelia akachoka. Hakusalimia.

"Mama," alisema, "kwani nyote mlikuwa wapi?"