Fahali wa Mzee wa Kanisa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika machinjio moja ya Changamwe, nilivaa viatu vya ngozi ambavyo mama aliniletea kutoka Taita. Kabla ya saa nne vilikuwa vimelowa damu. Mkaguzi Mkuu alinipa mabuti ya mpira na kisu.

"Bi Mghoi," akaniambia, "mwenye ng'ombe atakuja hapa kujitetea. Mlaji hayupo. Wewe ndiye wa kumsemea."

Vijana mnaoingia kazi hii leo, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ng'ombe akishachunwa, mkaguzi wa nyama huyapapasa mapafu na ini, kisha hupasua matezi, yale mafundo madogo ambako mwili hunasa maradhi. Nyama safi hupigwa muhuri wa wino wa zambarau. Nyama mbovu hukataliwa: hukatwakatwa, humwagiwa dawa, hutupwa shimoni.

Miaka ikapita, nikahamishiwa machinjio ya Kisauni chini ya Afisa Msimamizi, mtu wa suti aliyeogopa kuchafuka. Nikapanga nyumba Mtopanga, nikajiunga na kanisa la hapo, nikachaguliwa kiongozi wa akina mama.

Asubuhi moja akaletwa fahali mnene. Nilipopasua tezi la pafu, kisu kilikwaruza kana kwamba kimegusa mchanga, na ndani mkatoka usaha mkavu wa manjano. Ini nalo vivyo hivyo. Mbavu kwa ndani zilijaa vijipunje. Kilikuwa kifua kikuu cha ng'ombe, na kilikuwa kimeshaenea mwili mzima.

Afisa Msimamizi akaja, simu mkononi, ametoka kuzungumza na mwenye fahali. "Tupa mapafu na ini. Nyama ipige muhuri."

"Bwana Afisa, ugonjwa umefika mpaka mbavuni. Nyama yote ni ya kutupwa."

"Unamjua mwenyewe? Ni mzee wa kanisa lako."

"Basi yeye hasa angepaswa kushukuru."

Nikaimwagia dawa kwa mkono wangu mwenyewe mbele yake. Wiki haijaisha, nikaambiwa Kongowea inahitaji mtu wa kukagua vyoo na mitaro ya soko. Uhamisho wa kawaida, walisema. Wa kawaida! Mwanamke aliyesomea nyama, anazunguka vyooni akipuliziwa harufu, kwa kosa la kukataa kuwalisha watu ugonjwa.

Kanisani ikawa mbaya zaidi. Yule mzee alieneza kwamba nina kijicho na mali yake. Uongozi wa akina mama nikavuliwa. Nikikaa kwenye benchi, wenzangu wanakumbuka ghafla kwamba wana nafasi kwingine. Nililia, sifichi.

Mchungaji akaja kunifariji. "Mama, vumilia. Petro anasema ni heri kuteswa kwa kutenda mema. Nenda ukamwombe mzee radhi, mambo yaishe."

Damu ilinichemka. "Mchungaji, kama nimetenda mema, radhi ni ya nini? Na yule anayenitesa, umemsomea andiko gani?"

Nikafungua Biblia, waraka wa kwanza wa Petro, sura ya tatu, nikamwonyesha. Petro anasema wenye kuteswa kwa ajili ya haki wasiogope vitisho vya watu. Papo hapo anawaagiza wawe tayari kumjibu kila anayewauliza juu ya tumaini lao, kwa upole. "Nitajitahidi kuwa mpole," nikamwambia, "lakini kujibu nitajibu." Akaondoka bila kumaliza chai.

Nilibaki na swali langu, maana kumjibu mchungaji hakuondoi uchungu. Mateso haya yana maana gani? Aliyenisaidia ni Mzee Bakari, mchinjaji wetu wa Kisauni, Mwislamu wa Likoni, aliyenikuta sokoni nikiwa nimeinama mtaroni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wallahi, siku ile ya fahali nilikununia. Tulirudi nyumbani mikono mitupu, bila fungu letu la nyama. Halafu nikakumbuka, wajukuu wangu hununuliwa nyama kwenye bucha ile ile ambako fahali yule angepelekwa. Mungu akulipe."

Akaenda zake. Nami nikasimama pale nikiona nilichokuwa sikioni kwa hasira: watu walikula chakula chao siku ile na kulala salama, hata majina yetu hawayajui. Mateso yenyewe siyapendi, wala siamini Mungu aliyapenda. Yalikuwa uovu wa watu wawili wanaojulikana. Changamoto yangu ilikuwa kutokubali uovu wao uniondoe kwenye wema wangu, na hilo Kristo alilijua kabla yangu.

Sikurudishwa machinjioni kamwe. Nimestaafu nikiwa mkaguzi wa mitaro, na mitaro ya eneo langu ilipitisha maji.

Juzi kanisa likanialika niwape vijana ushuhuda kuhusu uvumilivu. Yule mzee alikuwa amekaa kiti cha mbele, nywele nyeupe, heshima yake tele. Nikawaeleza vijana kwa sauti ya upole kabisa: tezi, usaha, vijipunje vya mbavuni, simu iliyopigwa, na nani alikuwa mwenye fahali. Mchungaji akaangalia saa. Mzee akaomba maji. Msichana mmoja wa kwaya akauliza kwa nini hajawahi kuambiwa habari hii.

"Waulize hawa waliokaa mbele," nikamjibu.

Tangu siku hiyo sijaalikwa tena, na kila Jumapili nakaa benchi la pili, nyuma kabisa ya yule mzee.