Spika Mlangoni kwa Mama Keji

Hii aibu yangu watu wa hapa Koboko, Uganda, wanaisimulia vibaya, basi acha niisimulie mwenyewe, mimi mwenye aibu.

Mimi shule niliacha darasa la pili, lakini mashine ya kusaga ni yangu, na spika ya kanisa nilinunua mimi (hilo nilikuwa nakumbusha watu hata pale ambapo hakuna aliyeuliza). Kanisani kwetu mwenzetu akipotea ibadani, tunamwendea nyumbani Jumatano, tunaimba tangu njiani, na utaratibu unajulikana: mwenye nyumba analeta maji, wageni wanakunywa, wanauliza habari, ndipo neno linasemwa. Mama Keji, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, muuza samaki wakavu na kiongozi wa maombi ya akina mama, Jumapili nyingi alikuwa haonekani, nami nikaamua siku hiyo nibebe spika, niongoze mwenyewe.

Tukafika. Mama Keji akatoka na jagi la maji, akapiga goti.

"Karibu, mzee. Kunywa kwanza."

"Sikuja kunywa, nilikuja kuamsha mutu!" Nikawasha spika. Nikasema samaki wamemfunga, nikasema mtu aliyepoa hawezi kuombea wengine, aache uongozi leo leo, na kadiri majirani walivyojaa kwenye ua, Waislamu na Wakristo, ndivyo mimi nilivyozidi kupanda (ee, utamu wa kusikilizwa!). Yeye bado amepiga goti, jagi mkononi.

Ndipo sauti ikatoka ndani: "Wani! Unapigia nani kelele?"

Mimi naitwa Wani, lakini hakuna anayeniita hivyo kavu isipokuwa dada yangu Poni, ambaye miguu ilimkatalia na nilidhani amelala kwake, ng'ambo ya njia. Nikainama mlangoni, spika shingoni, maiki mkononi, sikukumbuka kuzima. Dada alikuwa kwenye mkeka, amepakwa mafuta, amefunikwa vizuri.

"Dada, unafanya nini huku?"

"Nasali. Keji ananibeba kila Jumapili, na leo pia, ananiogesha, tunaimba sisi wawili. Wewe ulidhani nani ananiogesha?"

"Lakini unga si natuma..."

"Unga inafika. Wewe iko wapi?"

Maneno hayo yakatoka kwenye spika yangu mwenyewe, yakasikika mpaka barabarani. Nje mtu mmoja akaanza kucheka, wengine wakafuata, na kijana wa ngoma akasema, "Mzee, zima basi!" Nikatafuta kitufe, nikabonyeza kingine, spika ikapiga mluzi, nikatoka kinyumenyume, nikamgonga Mama Keji na kumwaga jagi lote kwenye viatu vyangu. Mama Keji peke yake hakucheka. Alikwenda kuleta maji mengine, na hayo nilikunywa.

Alinisamehe, ndiyo. Lakini maombi ya akina mama hakuongoza tena. Alisema, "Mzee, uliniambia niache mbele ya watu, nimeacha," kisha akahamia kwa binti yake, kwenye kambi ya Omugo. Sasa Jumapili asubuhi mimi ndiye ninayemwogesha dada, vibaya, sabuni inamwingia machoni, ananiambia mikono ya Keji ilikuwa laini. Spika sijaishika tena, na nikienda kwa mutu, hata kama sina kiu, nakunywa maji kwanza.

Kinachoniuma ni hiki: kumtukana nilimtukana kwa spika, msamaha nikaomba jikoni kwake, kwa kunong'ona.