Kijerumani cha Mzee Eliudi

Chuo kilipomleta Hanna, mwanafunzi wa Kiswahili kutoka Ujerumani, Yuditha wa Machame aliombwa jambo moja tu: nyumbani kwake msichana asikie Kiswahili. Yuditha akakubali. Alichosahau ni kwamba mumewe alijua Kijerumani.

Mzee Eliudi alikuwa amewapandisha Wajerumani Mlima Kilimanjaro kwa miaka ishirini, na tangu magoti yalipomstaafisha hakuwa na wa kuongea naye lugha yao. Sasa kuanzia chai ya asubuhi hadi chakula cha jioni ilikuwa Kijerumani tu. Wakicheka, Yuditha hajui wanacheka nini, tena ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mwezi ukaisha, na hata chumvi Hanna aliiomba kwa Kijerumani.

"Baba Godlove, huyu mtoto amevuka bahari kuja kusikiliza lugha ya kwao?" Yuditha alifoka.

"Namsaidia asijisikie mpweke," mzee akajibu.

Yuditha akachoka kubishana. Siku ya soko alimkalisha Hanna mbele ya ndizi zake za kuuza, yeye akaenda kuketi kwa wauza nyanya. Wateja wakamzonga msichana: hizi ni za kupika supu ya mtori au za kuiva? Hanna alitokwa jasho, akakosea, akachekwa, akajibu tena. Wiki ya tatu alikuwa anabishana nao.

Jioni moja ya wiki hiyo Eliudi akamsemesha tena kwa Kijerumani. Hanna akaweka kijiko chini.

"Baba, samahani, lakini nimechoka. Tuongee Kiswahili."

Mzee alinuna siku mbili. Yuditha hakumbembeleza.